Si kweli kwamba maneno hubeba asilimia 7 tu ya mawasiliano

Ujumbe unaozunguka kila mara katika makundi sogozi huanza na msemo wa Kiingereza kwamba hakuna nafasi ya pili ya kumvutia mtu mara ya kwanza, kisha hudai kuwa unapokutana na mgeni, maneno yako huchangia asilimia 7 tu, sauti 38 na mwili 55. Msemo wenyewe hauna tatizo. Tarakimu ndizo zinazopotosha.

Chimbuko lake ni majaribio mawili madogo yaliyochapishwa Marekani mwaka 1967. Washiriki walisikilizishwa neno mojamoja, kwa mfano "labda", likitamkwa kwa sauti ya kupenda, ya kuchukia au isiyoegemea popote, na katika jaribio mojawapo wakaonyeshwa pia picha za nyuso, kisha wakakadiria hisia za msemaji. Hayakuhusu usaili wa kazi, hotuba wala mazungumzo kamili.

Anayetaka kuhakiki na atazame hotuba katika lugha asiyoijua, aone kama ataambulia asilimia 93 ya yaliyosemwa. Watu huchanganyikiwa, nadhani, kwa sababu sura na sauti kweli zina uzito mbele ya mgeni, na tarakimu huipa hoja yoyote sura ya sayansi. Ukiupokea ujumbe huo, tafadhali usiusambaze. Mweleze aliyeutuma, kwa upole, majaribio hayo yalipima nini hasa.