Ushirikiano wa chuo na jamii maana yake nini?

Chuo kikuu kikisema kina "ushirikiano na jamii", mara nyingi utakuta wanafunzi wamefagia soko au wamechangia damu. Ni jambo jema, ila hiyo ni hisani. Ushirikiano ni pale chuo na majirani zake wanapolishika tatizo moja, kila upande ukaleta kilicho chake na kila upande ukapata kitu.

Twende Morogoro. Kwenye Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA), shirika la APOPO linafundisha panya buku tangu mwaka 2000. Wengi wanawajua kwa kunusa mabomu ya ardhini. Panya mmoja aitwaye Magawa, mzaliwa wa hapo hapo, alitunukiwa medali ya dhahabu mwaka 2020 kwa kazi yake Kambodia. Lakini kwa majirani wa chuo, kazi inayowagusa ni ya kunusa kifua kikuu (TB). Vituo vya afya hupeleka makohozi ambayo vimeshayapima. Yakishachemshwa kuua vijidudu, huwekwa chini ya matundu yaliyopangwa mstari kwenye sakafu ya kizimba. Panya ananusa, anasogea, ananusa. Akigandisha pua kwenye tundu kwa sekunde kama tatu, hapo pana jambo, na ujira wake ni ndizi iliyopondwa. Kisha maabara huhakikisha, maana hakuna anayeanzishiwa dawa kwa ushahidi wa panya peke yake.

Majibu hurudi kituoni. Watu wa kujitolea, wakiwamo waliowahi kuugua TB na kupona, huingia mitaani kumtafuta mtu ambaye kituo kilishamwambia hana ugonjwa, kumbe panya ameunusa na maabara imeuthibitisha. Asipopatikana, panya amenusa bure. Kituo kimepata jicho la pili, na watafiti wamepata makohozi ambayo hakuna maabara ingeweza kuyatengeneza.

Kwangu mimi kipimo ni huo mrejesho. Kuna vijiji vinajazishwa madodoso kila msimu na havijawahi kuambiwa yalisema nini. Huko watu wakiona gari la chuo, wanakwenda shamba.

Hata Morogoro mizani haijalala sawasawa. Wazo la kutumia panya lilitoka kwa watafiti, halikutoka kwa wagonjwa. Ila kumjua mgonjwa aliyehama chumba bila kuaga, na kumshawishi arudi kupimwa, hapo mtafiti humfuata nyuma yule aliyepona TB.