Vanishi ya maji: kukauka si kukomaa

"Vanishi ya maji haina nguvu." Kauli hii imezoeleka mno, na mara nyingi hutolewa mbele ya meza iliyopakwa jana na kupangwa vyombo leo.

Vanishi ya maji ni vanishi angavu ambayo chembe zake za plastiki, kwa kawaida akriliki, poliurithani au zote mbili, zimetawanywa ndani ya maji badala ya kuyeyushwa kwa tina. Ndiyo maana kwenye kopo ni nyeupe kama maziwa, na juu ya mbao weupe ule hupotea. Maana ni hiyo tu.

Kinachochanganya watu ni yale yanayotokea baada ya brashi kuwekwa chini. Maji yakipaa, chembe hubanana, na viyeyushi vichache vilivyomo huzilainisha mpaka zishikane ziwe utando mmoja. Baada ya saa moja hivi, ukigusa, kidole hakinati. Baada ya saa mbili hadi nne, aina nyingi hukubali kupakwa mkono wa pili, yaani tabaka la pili. Huko ni kukauka. Lakini viyeyushi bado vinatoka polepole, na utando haupati ugumu wake wote mpaka zipite wiki tatu au nne, hata zaidi kukiwa na baridi au unyevunyevu. Huko ndiko kukomaa, na ndiko kunakorukwa. Weka chungu kizito cha maua juu ya meza siku ya pili: ukikiinua baadaye, kinabanduka kwa kunata, na duara la kitako chake limebaki kwenye vanishi. Hapo maji hayana kosa. Utando ulibebeshwa mzigo ukiwa bado laini.

Kosa la maji ni jingine, nalo ni dogo: huvimbisha nyuzi za mbao, kwa hiyo mkono wa kwanza ukikauka uso hukwaruza kiganja. Wengi hukimbilia kuufunika kwa mkono mzito, na hapo wanajiongezea kazi, kwa kuwa juu hufunga huku unyevu umenaswa chini. Pitisha msasa laini, namba 220, kwa wepesi kufuata nyuzi, futa vumbi, kisha paka mwembamba. Waya wa chuma wa kusugulia usiuguse kabisa. Vipande vyake vikibaki kwenye mbao hushika kutu na kuacha madoa chini ya vanishi.

Ikishakomaa, maji hayaiyeyushi tena, na kwa matumizi ya kawaida ya ndani ya nyumba inatosha vizuri. Zile saa mbili zilizoandikwa kwenye kopo ni za kusubiri kabla ya kupaka mkono mwingine. Muda wa kutandika zulia au kurudisha vitu vizito huandikwa peke yake, kwa siku, na huo ndio wa kuufuata.