Kimya cha angani hakithibitishi kwamba tuko peke yetu

Kwenye baraza za kahawa za Jaws Corner, Mji Mkongwe, hoja hii haikosi watetezi: wanasayansi wameshaimaliza mbingu kwa madarubini yao na hawakuona kitu, basi viumbe wenye akili hawako kwengine. Inavutia, lakini msingi wake si kweli. Mbingu haijamalizwa, wala haijakaribia.

Mwanaastronomia Frank Drake alianza kutega sikio, kusaka mawimbi ya redio ya viumbe hao, mwaka 1960 huko Green Bank, Marekani, kwa nyota mbili tu: Tau Ceti na Epsilon Eridani. Tangu hapo zimeongezwa nyingi, lakini galaksi yetu, yaani kundi kubwa la nyota ambamo Jua letu limo, ina nyota zisizopungua bilioni 100. Na kila moja yataka isikilizwe kwenye masafa (frikwensi) yenyewe, kwa wakati wenyewe. Mawimbi ya viumbe hao yakiwa yalipita juzi, ukisikiliza leo umewakosa.

Tujitazame sisi. Televisheni ya Zanzibar ilianza kurusha picha za rangi mwanzoni mwa miaka ya 1970. Mawimbi yaliyoponyoka angani yamekwenda kwa kasi ya nuru kwa miaka 50 na kitu tu, ilhali upana wa galaksi ni takriban miaka ya nuru 100,000 (mwaka wa nuru ni umbali ambao nuru huukata kwa mwaka mmoja). Tena yamefifia mno: umbali ukizidi mara mbili, nguvu hushuka hadi robo. Chombo kama vyetu, hata kwenye nyota ya jirani kabisa, kingepata tabu kuyanasa.

Huenda kweli tuko peke yetu, hilo nalo linawezekana. Ila utafutaji wa hadi sasa haujafika pa kulisema.