"Tumeelewa!" si ushahidi: dhana potofu za BTP

Kila msimu wa BTP (Block Teaching Practice), yaani mazoezi ya kufundisha, nazunguka shule za Nyamagana na Ilemela, Mwanza, kukagua wanachuo wa ualimu. Nikiuliza somo limekwendaje, jibu ni lilelile: "Vizuri, mkufunzi, wameelewa." Umejuaje? "Niliwauliza, wakaitikia wote."

Hakuna dhana inayodumaza walimu wapya kama hii. Darasa zima likiitikia "ndiyo mwalimu", umejua tu kwamba watoto wana adabu. Pita kwenye madaftari. Katika kipindi kimoja cha Hisabati kilichojaa "tumeelewa", mtoto aliandika 1/2 + 1/4 = 2/6, na jirani yake akanakili. Wamejumlisha kiasi (namba za juu), wakajumlisha na asili (namba za chini). Mwanachuo yuko ubaoni anafuta, anaingia swali linalofuata.

Chukua sado, kile kindoo cha kupimia, na dagaa wa soko la Mwaloni. Mimina nusu, ongeza robo, kisha uliza: 2/6 ni theluthi, ni ndogo kuliko nusu tuliyoanza nayo, dagaa tulioongeza wamekwenda wapi? Hapo nyamaza. Mtafiti wa Marekani, Mary Budd Rowe, alionyesha miaka ya 1970 kwamba walimu wengi husubiri jibu kwa sekunde 1 hivi tu. Wakivumilia sekunde 3 au zaidi, majibu hurefuka na hata watoto wanaodhaniwa wazito hujibu. Jamani, zihesabuni kimoyomoyo!

Mwanachuo anayekua namwona kwenye andalio la somo. Tathmini huandikwa baada ya kipindi, si usiku wa kuamkia. "Somo limeeleweka" kila siku, kwa wino uleule, sitaki kuiona. Andika: "Wengi wamejumlisha asili, kesho naanza na sado."

Eti mwalimu huzaliwa? Waliotetemeka wiki ya kwanza nimewaona wakimaliza wakiwa imara. Eti zana ya kufundishia lazima iwe karatasi ya manila ya rangi? Sado imetosha. Eti darasa halitulii bila fimbo? Kanuni za adhabu ya viboko za 2002 zimempa mamlaka hayo mkuu wa shule, au mwalimu aliyemteua kwa maandishi. Mwanachuo, iweke chini.

Na eti anayekukuza ni mkufunzi. Mimi napita tu. Mwalimu wa somo yupo kila siku. Mwombe akae nyuma kipindi kimoja, aorodheshe majina ya waliojibu. Yakiwa ya watoto walewale wa mbele, kesho maswali yaanzie dawati la mwisho.