Mtoto asisubiri karatasi

Kazi yangu ni tiba kwa vitendo, yaani kumsaidia mtoto mwenye ulemavu aweze kukaa, kujilisha na kujihudumia, hapa Tanga mjini. Malalamiko ninayoyasikia kuliko yote hayahusu tiba. Yanahusu kusubiri kupimwa. Shule inamwambia mzazi "kampime kwanza", hospitali inamwambia mtaalamu hayupo mpaka mwezi ujao, ustawi wa jamii wanataka barua ya serikali ya mtaa, na mtoto aliyeanza kuzungushwa ana miaka mitano anatimiza saba yuko uani kwa bibi yake.

Wengi hudhani hayo ni ya kwetu tu, ya nchi zisizo na fedha. Ireland wana sheria ya 2005 inayotaka tathmini ya mahitaji ya mtoto mwenye ulemavu ianze ndani ya miezi 3 tangu maombi yapokelewe, na ikamilike ndani ya miezi 3 mingine. Foleni ikawashinda. Mwaka 2020 wakaja na tathmini fupi ya awali, isiyozidi dakika 90, na Machi 2022 Mahakama Kuu ya huko ikaamua kwamba hiyo siyo tathmini inayotakiwa na sheria. Nawaelewa walioibuni. Wapimaji wakiwa wachache, kinachopunguzwa haraka ni kipimo. Hata huku nimeona siku za upimaji ambapo mtoto anaulizwa jina, anaangaliwa macho, fomu inajazwa, aitwe mwingine. Takwimu zinapanda, lakini hakuna aliyeuliza kama mtoto anaweza kujilisha, kwenda chooni, au kukaa darasani bila kuanguka.

Kwa maoni yangu, ucheleweshaji hauanzii kwenye foleni hiyo. Unaanzia kliniki. Mtoto analetwa chanjo ya surua na rubela akiwa na miezi 9, anarudi tena akiwa na miezi 18. Hizo ni nafasi mbili ambazo mtoto yuko mbele ya muuguzi, kadi mkononi. Uzito unachorwa, sindano inachomwa, basi. Angeulizwa mama maswali mawili, "Anakaa bila kushikwa?" na "Anageuka ukimwita?", wengi ninaowapokea wakubwa wangekuwa wamefika wachanga.

Na umri una maana. Mguu kifundo, yaani uliozaliwa umepindia ndani, ukianza kufungwa plasta wiki za mwanzo, plasta hubadilishwa kila wiki, na mara nyingi mguu hunyooka bila upasuaji mkubwa. Kwa masikio, wataalamu wanataka mtoto asiyesikia awe ameanza kusaidiwa kabla ya miezi 6, kwa sababu ubongo unajenga lugha sasa, si akifika darasa la kwanza. Mwenye mtindio wa ubongo anayelazwa chali siku nzima, misuli hufupika na nyonga huanza kuchomoka taratibu. Sisubiri daktari aandike jina la ugonjwa ndipo nimwambie fundi seremala achonge kiti cha kona, kinachomshikilia mtoto mgongo na ubavu. Asiyeweza kukaa anahitaji kiti, jina lijulikane lisijulikane.

Kuna na suala la njia. Tanga tunasema waja leo waondoka leo, lakini mama wa wilaya ya Kilindi, mbali na mjini, aliyembeba mgongoni mtoto wa miaka sita hawezi kuja leo akaondoka leo. Akilala, analala wapi? Kiti cha magurudumu, konda anakidai nauli. Akiambiwa "rudi wiki ijayo", harudi, na kwenye daftari anaandikwa mtoro. Wapimaji ndio wapande gari wamfuate Handeni na Kilindi. Posho ya safari hiyo ni ndogo kuliko gharama ya mtoto aliyekunjamana.

(Wanaosema mtoto "amechezewa" sigombani nao. Naomba tu mganga asiwe sababu ya kuruka kliniki.)

Sheria ya Mtoto ya 2009 inampa mtoto mwenye ulemavu haki ya matunzo maalumu, matibabu, utengamao (huduma za kumjengea uwezo wa kujimudu) na elimu sawa na wenzake. Kwa hiyo uandikishaji wa shule ukifunguliwa, mwandikishe, hata kama hajapimwa. Upimaji umfuate akiwa kwenye daftari la shule. Akiwa nje ya daftari hakuna anayemtafuta. Mwone mwalimu wa kitengo cha elimu maalumu moja kwa moja, kama shule ina kitengo.

Siku ya kupimwa njoo na kadi ya kliniki, hata iliyochakaa. Akiwa na degedege au kifafa, mrekodi kwa simu. Dakika moja ya video inanisaidia kuliko maelezo ya nusu saa. Aje pia anayeshinda naye, awe shangazi au dada wa kazi. Na usitoke dirishani na neno "tutakupigia". Omba tarehe iandikwe kwenye barua ya rufaa pamoja na jina la aliyeiandika, kisha ipige picha. Tarehe ikipita, nenda na picha hiyo halmashauri kwa afisa elimu maalumu.