Mwenye eka tatu na motisha ya msitu

Mvinje ukishakatwa, kisiki chake kwa kawaida hufa. Mwenye shamba aliyeuza boriti zote kwa mkupuo mmoja, kwa kuwa mahitaji ya nyumbani yamembana, hubaki na mchanga mtupu, na akipanda tena atangoja miaka kadhaa kabla ya kupata nguzo ya kuuza. Motisha za serikali kwa wenye misitu binafsi zipo ili kuliziba pengo hilo la miaka.

Motisha si fedha taslimu peke yake. Kuna miche na ushauri wa bwana misitu, na kuna mgao wa mapato. Kusini mwa msitu wa Jozani, Unguja, wakulima ambao kima punju hushinda kwenye mashamba yao wakila majani ya miembe na mikungu (hata makaa huyaokota wakayala) wamekuwa wakipata sehemu ya viingilio vya wageni. Bila mgao huo, kima angekuwa hasara tupu kwa mkulima. Costa Rica ilifika mbali zaidi: Sheria Na. 7575 ya 1996 inamlipa mwenye msitu kwa huduma nne, yaani kuhifadhi kaboni, kulinda maji, viumbe na mandhari, na fedha nyingi hutoka kwenye kodi ya mafuta ya magari. Mwenye kukiuka mkataba halipwi.

Kwetu Zanzibar, mradi wa HIMA (Hifadhi ya Misitu ya Asili), wa malipo ya kaboni, ulioanza 2010 ulipita kwenye misitu ya jamii, na sababu yake inaeleweka. Gharama ya kupima na kukagua msitu mdogo haipungui sana kuliko ya msitu mkubwa, kwa hiyo mwenye eka tatu akiingia peke yake humalizwa na gharama. Majirani wajiunge.

Panapoharibika mara nyingi ni kwenye umiliki. Zanzibar ardhi yaweza kuwa ya huyu na miti ya yule, na shamba la marehemu babu likawa na warithi kumi na moja. Mmoja anaweka saini ya kuhifadhi, mwengine amekwishapokea arbuni ya mchoma makaa. Mirathi imalizwe kwa kadhi kwanza, warithi wote waweke saini mbele ya sheha, kisha mipaka ipitwe kwa miguu pamoja na majirani. Penye maweni, yaani ardhi ya mawe ya matumbawe, rundo la mawe kila pembe linatosha.

Halafu hesabu miti. Pima kiwanja cha mita 10 kwa 10, hesabu miti iliyomo, zidisha kwa 40: hiyo ni takriban idadi ya eka moja. Eka tatu zinataka viwanja visivyopungua vitano, na viwemo vya sehemu zilizokonda. Watu hupenda kupima pale palipostawi, wakajidanganya wenyewe.

Kiwango cha kukata hutoka hapo. Kama boriti hukomaa kwa miaka sita, gawa eka tatu mapande sita, ukate nusu eka kwa mwaka na kuipanda masika yanayofuata. Kwa nafasi ya mita 2.5 kila upande, nusu eka huchukua miche kama 320. Ongeza thelathini ya kuziba itakayokufa. Msitu wa asili wa maweni una kanuni nyengine: kata chini kwa mshazari ili maji yasitue juu ya kisiki, acha machipukizi mawili yenye nguvu, na mbuzi wasiingie mpaka yawapite kimo. Moto ni marufuku, hata wa kurinia asali.

Kibali cha kukata kinahitajika hata kwa miti uliyoipanda mwenyewe, chini ya sheria ya misitu ya Zanzibar, Na. 10 ya 1996. Kiombe kabla ya kupatana bei. Mnunuzi akishaleta gari, mwenye shamba hushawishika kukata bila kibali, na hapo motisha hupotea pamoja na mzigo.

Weka daftari: tarehe, pande lililokatwa, idadi ya miti, miche iliyopandwa, na iliyo hai baada ya miezi sita. Safu hiyo ya mwisho ndiyo wengi huiacha wazi, na ndiyo mkaguzi huitafuta kwanza.