Protini Inayojificha Mbele ya Seli T

Hepesi ikitajwa, wengi hufikiria vidonda vya mdomoni. Mimi nashughulika na jamaa mwingine wa ukoo huo, virusi vya Epstein-Barr, ambavyo karibu watu wazima wote duniani wanavyo na ambavyo, vikishaingia mwilini, hukaa maisha yote ndani ya seli B, chembe zile zile zinazotengeneza kingamwili.

Kinga haiviangamizi bali huvibana. Kazi hiyo hufanywa hasa na seli T za CD8, aina ya chembe nyeupe za damu, ambazo hukagua vipande vifupi vya protini vilivyoanikwa juu ya kila seli na kuiua ile yenye kipande kigeni. Vipande hivyo hupatikana protini zinapokatwakatwa ndani ya seli, na hapo ndipo virusi hivi vilipopata upenyo: protini yao iitwayo EBNA1, ambayo bila yake jenomu ya virusi, yaani maelekezo yao ya urithi, ingepotea seli B inapogawanyika, ina mfululizo mrefu wa glaisini na alanini, asidi amino mbili zinazojenga protini, zinazojirudia, na mwaka 1995 ilibainika kwamba mfululizo huo huzuia vipande vyake kufikishwa kwa seli za CD8. Ufiche huu si kamili, lakini una uzito mkubwa katika limfoma ya Burkitt, saratani ya watoto ambayo Denis Burkitt aliieleza mwaka 1958 akiwa Uganda, kwa sababu seli zake kwa kawaida huzima protini nyingine za virusi na kubakiza EBNA1.

Ndiyo maana nazijali sana seli T za CD4, aina nyingine ya seli T, ambazo kwa watu wengi wenye afya huitambua EBNA1. Katika kipimo chetu, chembe za damu huchanganywa na vipande vya protini hiyo, kisha tunahesabu madoa ya interferoni gama, protini ambayo seli T huitoa zinapoitikia, kila doa likiwa seli moja iliyoitikia. Utafiti wa namna hiyo uliochapishwa mwaka 2007 ulionyesha kwamba watoto wa miaka 5 hadi 9 wa Kisumu, ambako malaria ni ya mwaka mzima, walikuwa na mwitikio hafifu dhidi ya virusi hivi kuliko wenzao wa Nandi, ambako malaria ni nadra. Na huo ndio umri ambao saratani hii hushika zaidi. Miaka miwili baadaye ikaonekana kwamba wengi wa watoto wagonjwa hawakuwa na mwitikio huo kwa EBNA1, ingawa kingamwili dhidi yake walikuwa nazo. Kwa hiyo sikubali kamwe kipimo cha kingamwili peke yake kiwe ushahidi kwamba kinga ya mtoto dhidi ya virusi hivi iko imara.